Kichwa cha kuoshea tanki kimegoma kuzunguka baada ya sevisi, nianze kufungua wapi?

BintiSpana:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi mliozoea mitambo ya maziwa, bia, mafuta ya kula, au popote mnapoosha matanki kwa CIP, yaani kuosha mtambo ukiwa palepale bila kuufungua.

Niko kiwanda kidogo cha maziwa huku Njombe, fundi mitambo, mwaka wa tatu sasa. Tuna matanki matatu ya kupokelea maziwa, kila moja lita 10,000, yote ya kusimama, urefu kama mita nne. Mawili yanaoshwa na ile mipira ya chuma isiyozunguka, yenye matundu matundu. Hayo hayajawahi kunisumbua. La tatu lina kichwa kinachozunguka, nozeli 4 za milimita 5, kimening'inia kwenye bomba linaloteremka karibu mita moja ndani ya tanki. Hakina mota. Maji ya kuoshea yenyewe yakiingia yanasukuma pangaboi dogo la ndani, pangaboi linazungusha gia, mwili wote unazunguka huku nozeli nazo zinageuka upande wake.

Wiki tatu zilizopita nilikifanyia sevisi. Kilikuwa hakijafunguliwa mwaka mzima. Nilibadilisha sili zote na gololi zote kwa pakiti mpya ya vipuri, nikakifunga, nikakirudisha. Siku kumi za mwanzo tanki lilikuwa linatoka safi kabisa.

Jumatatu alfajiri, kabla gari la maziwa halijafika, nikachungulia kwa tochi kwenye mlango wa juu. Kwenye bega la tanki upande wa kushoto kuna utando mweupe, umejikunja kama mwezi mchanga, upana wa viganja viwili. Nikafikisha kidole. Juu unateleza, mafuta ya maziwa yale, ila chini yake unakwaruza kama chokaa. Tukaosha upya mzunguko mzima: maji, kostiki (ile soda kali ya kuoshea) asilimia 1.5 kwenye nyuzi 78, maji, asidi, maji. Utando ukabaki palepale.

Geji pale kwenye pampu inasoma bar 6, kama siku zote. Kilichobadilika ni sauti. Zamani nikiweka kiganja kwenye ukuta wa tanki wakati wa kuosha nilikuwa nausikia mpigo wa maji unapita chini ya mkono, unakwenda zake, halafu unarudi. Sasa ni kama unapiga mahali pamoja tu, vrrrr, hauhami.

Kiongozi wa zamu anasema pakiti ya vipuri ni feki na tuilalamikie kwa aliyetuuzia. Meneja anataka nikitoe niweke mpira wa kawaida kama wa yale mengine. Mimi sitaki kulaumu kitu ambacho sijakiona kwa macho. Na lile tanki lina pangaboi la kukorogea ndani, mpira wa kawaida hauwezi kufika chini ya mabawa yake. Ndiyo maana waliotangulia waliweka kinachozunguka.

Naomba mnielekeze kwa utaratibu: nikague nini kabla ya kukitoa, na nikishakitoa nianze kufungua wapi? Wafugaji wanaotuletea wengi wana ng'ombe wawili watatu, maziwa yanakuja na bodaboda kwenye madumu ya chuma. Tanki moja likichacha, ni jasho la watu wengi sana limemwagwa siku moja.

---

Baharia_Kilindini:

Dada, pole na kazi. Mimi si mtu wa maziwa. Nilikuwa baharia wa meli za mafuta miaka 11, sasa niko nchi kavu hapa Mombasa. Lakini mashine ni ndugu moja na hiyo yako. Zetu tulikuwa tukizishusha ndani ya matanki kwa mpira wa maji kupitia tundu za sitaha, na tukizifungua wenyewe.

Hilo la kusikiliza kwa kiganja usiliache. Sisi tulifundishwa hivyohivyo: mashine inayozunguka ina mwendo wake kama ngoma, na ukishauzoea utajua imesimama kabla ya geji kukwambia. Maana geji haitakwambia kabisa. Maji yanatoka kwenye nozeli sawasawa, ila yanatoka upande mmoja.

Nina swali moja tu. Baada ya kuosha, kuna mtu hupuliza bomba kwa upepo wa kompresa ili likauke? Kwetu kuna kijana alifanya hivyo. Upepo hauna uzito wa maji, pangaboi linazunguka kwa kasi ya ajabu na hakuna maji ya kulainisha. Tulipoifungua, keji ya gololi ilikuwa imechanika vipande. Kama kwenu wanafanya hivyo, anzia hapo.

La pili halikuhusu sana ila wengine watasoma hapa. Ukiosha tanki lililokuwa na petroli, spiriti au chochote cha kushika moto, ule mpira wa maji lazima uwe na waya wa kupitisha umeme ndani yake toka mwanzo hadi mwisho, na uupime kila kabla ya kuutumia. Kipimo chetu kilikuwa usizidi ohmu 6 kwa kila mita. Maji yanayoruka kwa nguvu yanazaa umeme tuli, na cheche moja yatosha.

---

MzeeGololi:

Marahaba binti yangu. Umeandika vizuri, umetaja shinikizo, umetaja nyuzi, umetaja ukubwa wa nozeli. Nusu ya watu wanaoniuliza huniambia "mashine haifanyi kazi" wakaishia hapo.

Nimefanya maziwa miaka tisa, halafu bia mpaka nikastaafu. Nakujibu kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi.

Kwanza kaa na hiyo geji yako kidogo, imeshakuambia jambo kubwa. Kama njia ya maji imeziba, geji ya pampu hupanda na maji yanayopita hupungua. Kama nozeli zimelika, geji hushuka. Nozeli ya milimita 5 ikilika hadi 6, tundu limeongezeka eneo kwa asilimia 44. Kwa maji yaleyale ya pampu, shinikizo linashuka chini ya nusu. Kwako geji haikupanda wala haikushuka. Maana yake maji yanafika na yanatoka kama kawaida, ila nguvu ya pangaboi inaliwa na kitu kinachokaba ndani. Kwa hiyo mimi siendi kutafuta uchafu kwenye nozeli kwanza. Natafuta mkabo.

Hata hivyo fungua chujio la mstari wa CIP, ni dakika tano. Ukikuta vipande vya tepu nyeupe ya mafundi bomba au unyuzi wa gasketi, jua vingine vimepita. Na ukiweza funga geji ya pili juu, karibu na kichwa chenyewe. Tanki la mita nne tayari limekula bar 0.4 kwa kule kupanda tu, ukiongeza kona na valvu unapoteza zaidi. Bar 6 ya pampu si bar 6 ya kichwa.

Sasa kukitoa. Zima pampu, weka kufuli lako kwenye swichi na funguo iwe mfukoni mwako, si kwa kiongozi wa zamu. Funga valvu, fungua mkondo wa chini bomba lijimwage, hakikisha geji iko sifuri. Halafu subiri bomba lipoe hadi uweze kulishika. Nimemwona mwenzangu akilegeza kola ya bomba ambalo kila mtu alisema ni tupu. Kwenye kona kulikuwa na kostiki ya moto kiasi cha lita mbili, ikamshuka kwenye mkono wa kulia kutoka kiwiko hadi kiganja. Miezi minne hakushika spana. Vaa miwani ya kufunga, glavu ndefu, na mkanda wa usalama kwa sababu uko juu ya tanki.

Na usiingie ndani ya tanki kwa sababu ya kichwa. Kichwa hutolewa kwa juu pamoja na bomba lake. Kama kuna ulazima wa kuingia, ni kibali cha maandishi, hewa imepimwa oksijeni iko kati ya asilimia 19.5 na 23.5, pangaboi la kukorogea limefungiwa kufuli, na mtu yuko mlangoni asiyeondoka hata kwenda chooni. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo kwa ajili yako, sio kwa ajili ya mkaguzi. Kwenye bia tulikuwa na hewa ya kaboni dioksidi chini ya tanki, nzito kuliko ya kawaida mara moja na nusu, haionekani. Mtu anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka.

Ukishakishusha mezani, USIFUNGUE hata skrubu moja. Hapa ndipo vijana mnapoteza ushahidi. Kizungushe kwanza kwa mkono, kikavu hivyohivyo kilivyotoka. Shika shingo kwa mkono mmoja, mwili kwa mwingine, geuza polepole mzunguko mzima. Halafu geuza kitovu cha nozeli peke yake ikiwa chako kinaruhusu. Jiulize unahisi nini. Kama kinakwama mahali pamoja kila kikifika, ni jino la gia au gololi. Kama kinakwaruza mzunguko wote, ni mchanga au utando wa maziwa uliogeuka jiwe. Kama ni kizito mzunguko mzima lakini laini, kama unakoroga ugali unaoanza kushika, hiyo ni sili. Andika ulichohisi kabla ya kuendelea.

Meza yako iwe na sinia lenye kingo, na kitambaa cheupe ndani yake. Gololi za kichwa cha namna hiyo ni ndogo na zinatoka zote kwa pamoja ukilegeza tu shingo. Zihesabu zikitoka, andika idadi ukutani, zihesabu zikirudi. Kuna usiku nilipoteza gololi moja. Tulizuia tanki, tukazuia mstari wote, tukaitafuta toka saa 12 jioni hadi saa 8 usiku, na ilikuwa kwenye chujio la pampu ya kurudishia. Gololi moja kwenye kinywaji cha mtu ni jino la mtoto wa mtu limevunjika. Nilihesabu gololi kila mara tangu usiku ule.

Piga picha kwa simu kila kipande kabla hakijatoka, ionekane kimeelekea wapi. Usikibane kwenye jiliwa bila kuweka vipande vya mbao au shaba. Usitumie nyundo ya chuma. Usisugue kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, kwa sababu inaacha chembe zake kwenye chuma cha pua, na baada ya wiki utaona madoa ya kutu ukidhani chuma chenyewe ni feki. Utando wa maziwa loweka kwenye asidi ya naitriki asilimia 1, au ya ndimu ukiwa nayo, utalegea wenyewe. Na soma kitabu cha mashine kuhusu nati ya pangaboi. Kwenye vingi ina uzi wa kushoto, ukilazimisha upande wa kawaida unaikaza mpaka ikatike.

Kisha kagua. Pitisha ukucha kwenye meno ya gia, jino zima ni la mviringo kidogo kileleni, lililolika linakwaruza ukucha kama kisu. Gololi moja moja izungushe kwenye kiganja chini ya taa. Iliyopata ubapa utaiona inamweka, inazima, inamweka. Bushi ya shafti shika shafti uitikise pembeni. Nozeli pima kwa shina la kekee, ule upande laini usio na mtaro: la milimita 5 liingie, la 5.5 lisiingie. Likiingia, badilisha.

Sasa nakuuliza mimi. Ulipokuwa unakifunga wiki tatu zilizopita, sili mpya ulizipaka nini?

---

BintiSpana:

Mzee ahsante sana, nimesoma mara tatu. Kaka Baharia, hapana, hatupulizi upepo, nimewauliza zamu zote.

Mzee, nilipaka mafuta ya mgando. Yale ya kawaida ya kopo, ya kujipaka mwilini. Nilifikiri ni salama kwa sababu watu wanajipaka mdomoni, na kwenye pampu za zamani niliona wakifanya hivyo. Nilizipaka sili zote, na gololi nilizibandika kwa hayo mafuta ili zisidondoke nikiwa nafunga.

Kesho tanki halina maziwa hadi saa 9 mchana. Nitakitoa asubuhi.

---

MzeeGololi:

Binti yangu, nadhani tumeshaipata, ila bado kifungue uone kwa macho yako kama ulivyosema mwenyewe.

Sili za vichwa vya maziwa nyingi ni za mpira wa EPDM. Huo mpira ni shujaa mbele ya kostiki, asidi na mvuke. Adui yake ni mafuta yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, na mafuta ya mgando yanatokana na hayohayo, yakasafishwa. Yanaingia ndani ya mpira na mpira unavimba. Kwa baridi unavimba polepole. Kwako kila siku unapikwa nyuzi 78. Siku ya kwanza sili inateleza vizuri kabisa, fundi anafurahi. Siku ya kumi imeshiba, imejaa kwenye mtaro wake, inakaba shingo.

Chukua kipimo cha vernia, pima unene wa sili uliyoitoa, kisha pima mpya ya pakiti ileile. Hapo utajua kama mwuzaji ana kosa au hana.

Na kitu kingine: vichwa vya aina hiyo havihitaji grisi kabisa gololini. Vinalainishwa na maji yanayopita. Ukiweka mafuta, yanashika mabaki ya maziwa. Kufunga, lowesha sili kwa maji safi tu. Ikiwa lazima, tumia grisi ya silikoni iliyoandikwa H1, hiyo ndiyo ya viwanda vya chakula. Uzi wa nati za chuma cha pua ndio unaohitaji kidogo, kwa sababu chuma hicho kikikazwa kikavu kinang'ang'aniana na hakitoki tena.

---

Maabara_Tanga:

Naongeza la upande wangu, mimi ni wa maabara. Mkishakirudisha msiridhike kwa kuona tanki linang'aa. Chuma cha pua kinang'aa hata kikiwa na utando.

Kuna kipimo cha vitamini B2, ile riboflavini. Changanya gramu 0.2 kwa kila lita ya maji, nyunyizia ndani ya tanki lote hasa sehemu zenye shaka: bega, chini ya mabawa ya pangaboi, nyuma ya bomba lenyewe la kuteremkia, chini ya mfuniko wa mlango. Kisha suuza kwa maji ya kawaida peke yake, bila kostiki, kwa kutumia kichwa. Zima taa, angalia kwa taa ya UV. Ambapo maji hayakufika panawaka kijani cha manjano, huwezi kubishana napo. Piga picha. Ni vitamini tu, ikisuuzwa haina madhara.

Na dada, huo utando unaokwaruza ni madini ya maziwa, kalisiamu na fosfeti, yamekaa chini ya mafuta. Kostiki itachukua mafuta, asidi itachukua madini, ila vyote viwili lazima vifike. Ule msitegemee mzunguko wa kawaida kuutoa. Osheni mara moja kwa kostiki na asidi kwa muda mrefu zaidi kichwa kikishapona, halafu pimeni kwa swabu, ile pamba ya kufuta ukutani na kupima maabara.

---

BintiSpana:

Nimerudi na majibu, na naandika kwa urefu kwa sababu nilipotafuta habari hizi kwa Kiswahili sikuzipata.

Nilifunga kufuli, nikamwaga bomba, nikasubiri dakika arobaini. Chujio lilikuwa na unyuzi mmoja wa tepu nyeupe, basi. Tukakishusha mimi na mwenzangu, kichwa chenyewe hakizidi kilo sita ila bomba lake refu linasumbua.

Nikakiweka kwenye sinia. Mikono iliniwasha kutaka kulegeza shingo, nikakumbuka maneno ya mzee. Nikakizungusha kwanza. Kizito, kizito, kizito, mzunguko wote sawa, hakuna mahali pa kukwama wala pa kukwaruza. Ugali unaoshika kabisa. Nikiacha, kinarudi nyuma kidogo chenyewe, kama mpira ulionyooshwa. Nikamwita kiongozi wa zamu naye akazungusha. Niliandika kwenye daftari: laini, kizito, kinarudi nyuma.

Nilipofungua shingo, sili haikutoka kwa vidole. Niliitoa kwa kijiti cha plastiki. Ilikuwa imechomoza nje ya mtaro wake pande zote, laini kama ulimi, na upande unaogusa shingo ilikuwa imemenyeka. Menyeko zake nyeusi ndogondogo zilikuwa zimeshikwa na yale mafuta ya mgando kati ya gololi, pamoja na kitu cheupe kama jibini. Hayo yote nimeyapaka mimi kwa mkono wangu. Nilikaa kimya kidogo pale mezani.

Vernia: sili ya pakiti ambayo haijatumika, milimita 3.5. Niliyoitoa, milimita 3.9, na nyingine ya kitovu 4.0. Sili ya tatu, ambayo nilisahau kuipaka kwa sababu ilikuwa imejificha, ilisoma 3.5 kamili. Pakiti moja, mwuzaji mmoja, tanki moja. Kiongozi wa zamu aliziangalia zote tatu zimepangwa kwenye kitambaa, akaenda mwenyewe kumwambia meneja kwamba vipuri havina kosa.

Gololi nilihesabu 44 zikitoka, 44 zikirudi. Zote duara, hakuna iliyomweka. Meno ya gia hayakukwaruza ukucha. Nozeli: shina la 5 liliingia kwenye zote, la 5.5 halikuingia hata moja. Bushi ya shafti ina mchezo kidogo, unauhisi lakini hauuoni, nimeagiza nyingine iwe stoo. Nati ya pangaboi kweli ilikuwa ya kushoto, na kuna alama ya mshale ndogo sana ambayo mwaka huu wote sikuiona hadi nilipoiosha.

Niliosha kila kipande kwa maji ya moto na sabuni hadi maji yakaacha kuteleza, nikafunga kwa sili mpya zilizolowa maji tu. Kugeuza sasa unatumia vidole viwili.

Kabla ya kukirudisha nilikifunga kwenye bomba la maji safi juu ya pipa, bar 2, nikafungua valvu polepole. Kikaanza kutembea. Nilifunga uzi mwekundu kwenye nozeli moja nikahesabu mizunguko kwa saa ya simu, nimeandika ili niwe na cha kulinganisha safari ijayo.

Nina swali la mwisho kwa mzee. Kitabu kinasema kikaguliwe kila masaa 300 ya kazi. Tanki linaoshwa mara mbili kwa siku, kila mara kichwa kinafanya kazi dakika 40 hivi. Nimepiga hesabu: ni mara 450, siku 225, miezi saba na nusu. Sisi tulikuwa tunasubiri mwaka. Nipange hivyo?

---

MzeeGololi:

Panga hivyo, binti yangu, na safari hii ya kwanza kifungue baada ya siku 30, uone sili zilivyo. Usibadilishe kitu, angalia tu na upime kwa vernia.

Kabla hujaosha kwa ile kostiki ndefu aliyosema mtu wa maabara, panda juu uangalie kipumulio cha tanki kwa macho. Kisiwe kimefungwa na mfuko wa plastiki au kimeganda maziwa. Tanki la moto likimwagiwa maji baridi, mvuke uliomo unasinyaa mara moja. Kama hewa haina pa kuingilia, tanki linajikunja kama kopo la soda. Huko kwenu maji ya bomba asubuhi ni baridi mno, tofauti ya joto ni kubwa. Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu.

Zile sili tatu usizitupe. Zibandike kwenye ubao wa karakana na vipimo vyake chini.

---

BintiSpana:

Nimezibandika, mzee. Kipumulio kilikuwa wazi, ila wavu wake ulikuwa umejaa vumbi la barabarani, nimeuosha.

Tumeosha kwa kostiki dakika 40 na asidi dakika 30, tukafanya na kile kipimo cha riboflavini jana usiku saa 3, mtaalamu wetu wa maabara alikuwa na taa ya UV. Tulizima taa zote za chumba. Bega la tanki jeusi kabisa, chini ya mabawa jeusi. Palipowaka ni nukta moja ndogo nyuma ya mlango, kwenye mtaro wa gasketi, ambapo hakuna kichwa kitakachopafikia. Hapo tumekubaliana patasuguliwa kwa mkono kila jioni, na nimeliandika kwenye karatasi ya zamu.

Leo alfajiri saa 11 nimeweka kiganja ukutani. Umepita, umekwenda zake, umerudi.